Willie O'Ree

Willie Eldon O'Ree (alizaliwa Fredericton, New Brunswick, Kanada, 15 Oktoba 1935) ni mchezaji mstaafu wa hoki ya barafuni aliyecheza nafasi ya winga. Anajulikana hasa kama mtu mweusi wa kwanza kucheza katika Ligi ya Taifa ya Hoki ya Amerika Kaskazini, inayoitwa kwa kifupi NHL. Alifanya hivyo tarehe 18 Januari 1958 akiwa na timu ya Boston Bruins ya Marekani.

Michezo yake yote katika NHL aliicheza akiwa haoni kwa jicho la kulia. Kanuni za ligi hazikuruhusu mchezaji mwenye upofu wa jicho moja, kwa hiyo alificha jambo hilo muda wote alipokuwa uwanjani.

## Nafasi ya winga

Katika hoki ya barafuni kila timu huwa na wachezaji 6 uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, na hutumia magongo kupiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na umezungukwa na ukuta mfupi.

Washambuliaji ni watatu: mmoja wa katikati na mawinga wawili. Winga hupita pembeni, karibu na ukuta, na pasi nyingi humfikia kutoka katikati ya uwanja. Basi winga wa kushoto hupokea kisahani kutoka upande wake wa kulia, na winga wa kulia hukipokea kutoka upande wake wa kushoto. Jambo hili, ambalo kwa mchezaji mwingine ni la kawaida, lilikuwa na uzito mkubwa katika maisha ya O'Ree.

## Maisha ya awali

O'Ree alikuwa kitindamimba katika familia yenye watoto wengi. Ukoo wake ulitokana na mtumwa aliyetoroka Marekani na kukimbilia Kanada. Fredericton ilikuwa na familia chache sana za watu weusi. Alianza kuteleza kwenye barafu akiwa na umri wa miaka 3, na kucheza hoki akiwa na miaka 5.

Watu weusi wa mashariki mwa Kanada walikuwa wamecheza hoki zamani kabla yake. Mwaka 1895 ilianzishwa huko Halifax ligi ya timu za watu weusi wa majimbo ya pwani ya Atlantiki. Hata hivyo NHL, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikaa miaka 40 bila mchezaji mweusi hata mmoja. Herb Carnegie, aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora wa ligi za Quebec katika miaka ya 1940, hakupata kamwe kucheza humo.

Katika ujana wake O'Ree alicheza pia besiboli. Mwaka 1949 alisafiri na timu yake hadi New York, akakutana na Jackie Robinson, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya besiboli. Kijana huyo alimwambia Robinson kwamba yeye anaupenda zaidi mchezo wa hoki. Robinson alimjibu kwamba hakujua kama kuna watoto weusi wanaoucheza. Walipokutana tena Los Angeles mwaka 1962, Robinson alikuwa bado anamkumbuka.

Mwaka 1956 klabu ya besiboli ya Milwaukee Braves ilimwita kwenye majaribio huko Waycross, katika jimbo la Georgia. Huko aliona kwa mara ya kwanza sheria za utengano wa rangi za kusini mwa Marekani, pamoja na vibao vilivyotenga vyoo na sehemu za maji za Wazungu na za watu weusi. Hakuchaguliwa. Alirudi nyumbani kwa basi: huko kusini alilazimika kukaa kiti cha nyuma, na kadiri basi lilivyokwenda kaskazini ndivyo alivyosogea mbele. Alipofika Kanada aliamua kuachana na besiboli na kushika hoki peke yake.

## Kupoteza jicho

Katika msimu wa 1955–56 O'Ree alikuwa mchezaji wa vijana katika timu ya Kitchener, jimbo la Ontario. Wakati huo wachezaji hawakuvaa kofia ngumu wala kinga ya uso. Katika mchezo mmoja kisahani kilichopigwa kwa nguvu kilimgonga usoni, kikamvunja pua na mfupa wa shavu. Jicho lake la kulia lilipoteza asilimia 95 ya uwezo wa kuona, na daktari akamwambia kwamba hatacheza hoki tena.

Baada ya wiki chache alikuwa amerudi kwenye barafu. Alimweleza dada yake mmoja habari za jicho na kumwomba asimwambie mtu, hata wazazi wao. Klabu zilizomsajili baadaye hazikumpima macho, naye hakusema kitu.

Tatizo lilikuwa kwamba O'Ree alikuwa winga wa kushoto. Pasi zilimjia kutoka kulia, yaani upande wa jicho bovu. Ili akione kisahani ilimbidi ageuze kichwa chote na kutazama juu ya bega la kulia kwa jicho la kushoto, huku akiteleza kwa kasi, na walinzi wa timu pinzani wakija kumgonga kutoka upande asiouona. Silaha yake kubwa ilikuwa mbio: alihesabiwa miongoni mwa wachezaji wepesi zaidi wa wakati wake.

## Boston Bruins

Kuanzia msimu wa 1956–57 O'Ree alicheza hoki ya kulipwa na timu ya Quebec Aces. Januari 1958 Boston Bruins walikuwa na upungufu wa mchezaji, wakamwita. Tarehe 18 Januari aliingia uwanjani mjini Montreal dhidi ya Montreal Canadiens, mabingwa wa NHL, na Bruins wakashinda 3–0. Habari hiyo haikupewa nafasi kubwa magazetini. O'Ree alicheza michezo 2 tu kabla ya kurudishwa Quebec.

Aliitwa tena katika msimu wa 1960–61, akacheza michezo 43. Tarehe 1 Januari 1961, katika uwanja wa Boston Garden, alifunga bao lake la kwanza, nalo lilikuwa bao la kwanza la mchezaji mweusi katika NHL. Bruins waliwashinda Canadiens 3–2.

Msimu huo alitukanwa kwa rangi yake katika viwanja vingi, na watazamaji na hata wachezaji. Alieleza baadaye kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika miji ya Marekani kuliko Toronto na Montreal. Huko Chicago mchezaji wa timu pinzani alimpiga mdomoni kwa mwisho wa gongo na kumvunja meno ya mbele. O'Ree alimrudishia kwa gongo, na ugomvi mkubwa ukazuka. Wachezaji wenzake wa Boston walimtetea.

Takwimu zake katika NHL ni hizi:

* 1957–58: michezo 2, mabao 0, pasi za mabao 0
* 1960–61: michezo 43, mabao 4, pasi za mabao 10
* Jumla: michezo 45, mabao 4, pasi za mabao 10, pointi 14

Baada ya msimu huo viongozi wa Bruins walimwambia kwamba wangemhitaji tena, lakini muda mfupi baadaye walimhamishia Montreal Canadiens. Enzi hizo NHL ilikuwa na timu 6 tu, kwa hiyo nafasi za wachezaji hazikuzidi sana 120 kwa bara zima, na Canadiens walikuwa na mawinga hodari wengi. Walimpeleka kwenye timu yao ndogo, kisha wakamwuza. Hakucheza tena NHL. Mchezaji mweusi wa pili, Mike Marson wa Washington Capitals, aliingia ligi hiyo mwaka 1974.

## Kuhamia upande wa kulia

Sehemu kubwa ya kazi ya O'Ree ilikuwa katika ligi ya magharibi, iliyokuwa ngazi moja chini ya NHL. Alichezea Los Angeles Blades kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha San Diego Gulls.

Akiwa Los Angeles, kocha alimhamisha kutoka winga ya kushoto kwenda ya kulia. Kwa mchezaji anayepiga kwa mkono wa kushoto, kama yeye, upande huo una ugumu wake, kwa sababu pasi nyingi hupokelewa kwa mgongo wa gongo. Kwa O'Ree, hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa na faida kubwa: sasa kisahani kilimjia upande wa jicho zima, na upande wa jicho bovu ulikuwa ukutani. Katika msimu wa 1964–65 alifunga mabao 38 na kuongoza ligi kwa ufungaji. Alifikisha tena mabao 38 katika msimu wa 1968–69 akiwa San Diego, na kuongoza kwa mara ya pili.

Alistaafu mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa amecheza hoki ya watu wazima kwa zaidi ya miaka 20 kwa jicho moja.

## Baada ya kustaafu

O'Ree alibaki kuishi eneo la San Diego, ambako alifanya kazi mbalimbali, zikiwemo za ulinzi. Mwaka 1998 NHL ilimpa kazi ya kueneza hoki kwa watoto wa jamii ambazo hazikuwa na nafasi katika mchezo huo. Alitembelea shule na viwanja vya miji mingi ya Amerika Kaskazini akizungumza na vijana.

## Heshima

* 2003: Tuzo ya Lester Patrick kwa mchango wake katika hoki nchini Marekani.
* 2008: mji wa Fredericton ulifungua kituo cha michezo ya barafuni chenye jina lake. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya Order of Canada.
* 2018: aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Hoki mjini Toronto, kwa kundi la wajenzi wa mchezo.
* 2022: tarehe 18 Januari, miaka 64 kamili tangu mchezo wake wa kwanza, Boston Bruins waliistaafisha jezi yake namba 22. Mwezi huohuo ilisainiwa sheria ya kumpa Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani.