Kutoka Kibanga hata Fizi: Habari za Imani katika Pwani ya Magharibi ya Ziwa Tanganyika

Msafiri atokaye Uvira akashika njia ya kusini, ziwa likiwa mkono wake wa kushoto na milima mkono wake wa kulia, hupita Makobola, Mboko, Nundu, Lusenda na Lueba kabla ya kufika Baraka, mji uliojibanza ndani ya ghuba, mbele yake ikiwa rasi ndefu ya Ubwari ambayo Burton na Speke, walipoiona mwaka 1858, waliidhania kuwa ni kisiwa. Rasi hiyo ndiyo ngao ya Baraka: upepo wa kusini unapovuma kwa ghadhabu wakati wa kiangazi, mawimbi huumana na miamba ya Ubwari upande wa nje, ilhali ndani ya ghuba mitumbwi hukaa salama. Lakini mvuvi wa dagaa na mikebuka hawezi kukaa ghubani milele, kwa kuwa riziki yake iko mbele huko, juu ya maji ambayo kina chake kilicho kirefu kabisa kinakaribia mita 1,470. Na kila mwenye kuwinda samaki usiku kwa taa katika ziwa hili anajua jinsi tufani inavyoweza kumshukia kutoka milimani kabla hajawahi kukunja wavu.

Kwa sababu hiyo, ile habari ya Injili ya dhoruba ziwani, ya Bwana kusinzia upande wa tezi na wanafunzi kumwamsha kwa hofu, haikuwa ngeni kwa watu wa pwani hii walipohubiriwa. Wabembe na Wabuyu hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza tufani ni nini. Lililohitaji kuelezwa, na ambalo historia ya Fizi imelieleza kwa gharama kubwa kuliko hotuba yoyote, ni namna gani mtu anaweza kumtegemea Mungu bila kumdai Mungu ahadi kwamba chombo hakitavunjika.

Wa kwanza kuileta imani hiyo walikuwa Mapadre Weupe, shirika lililoasisiwa na Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, mwaka 1868, ambao msafara wao uliingia Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Zama hizo biashara ya watumwa ilikuwa imelizunguka ziwa lote. Misafara ya pembe na ya watu ilivuka kutoka Manyema kwenda Ujiji na toka huko hata Tabora na pwani ya bahari, na vijiji vya upande wa magharibi vilikuwa vikiishi kwa wasiwasi wa kuvamiwa alfajiri. Mwezi wa Mei 1881, wamisionari watatu waliuawa Rumonge, ng'ambo ya pili, nchi ya Burundi. Waliosalia wakajitia upande huu, kwanza Massanze, kisha mwaka 1883 wakajenga Kibanga, mahali walipopaita pia Lavigerieville, wakikusanya humo watoto na watu wazima waliokombolewa kwa kununuliwa mikononi mwa wafanya biashara.

Mapadre hao hawakuja peke yao. Lavigerie, kwa kuona khatari ya njia na ya nchi, aliwapa walinzi wenye silaha, wengi wao watu waliokuwa askari wa Papa huko Italia; na mashuhuri katika hao ni Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, ambaye alitumika katika misheni za ziwani kuanzia mwaka 1880 hata 1885, akarejea kwao, kisha akaja tena na kufika Mpala mwaka 1887, asitoke tena Afrika mpaka alipofariki mwaka 1927. Huyu alifundisha vijana kulenga shabaha, akajenga maboma, akapigana na watekaji wa watu. Akaoa mwanamke wa nchi ile, akazaa naye watoto, akazikwa katika udongo wa ziwa.

Mimi si katika wale wanaomhukumu Joubert kwa wepesi. Mtu aliyeona watoto wamefungwa shingo kwa shingo, naye ana bunduki mkononi, haulizwi sana kwa nini aliitumia. Hata hivyo, lazima isemwe kwamba imani iliyokaa nyuma ya boma ilikuwa imani ya wakimbizi waliokusanywa, wala si ya wenyeji wa milima iliyo juu yao, na kwamba uzima wake ulikuwa umefungamana na uzima wa boma lenyewe. Kibanga haikudumu. Maradhi yaliwaandama padre na muumini pamoja, na baada ya takriban miaka kumi watu wakahamishwa kwenda kusini, kwenye misheni mpya ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo karibu na Moba. Pwani ya Fizi ikaachiwa majani.

Ikapita miaka mingi kabla mbegu haijarudi, na iliporudi haikuja kwa mlango mmoja. Wapentekoste wa Sweden walianza Uvira mwaka 1921, wa Norway wakaanza Kaziba mwaka uliofuata, na kutoka vituo hivyo Injili ikapanda na kushuka milima mikononi mwa waalimu Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya Ulaya. Wamethodisti Huru nao wakaja kuwa na hospitali Nundu. Upande wa Wakatoliki, shirika la Mtakatifu Fransisko Ksaveri la Parma lilileta wamisionari wake Kongo mwaka 1958, na mwaka 1962 Uvira ikafanywa jimbo, askofu wake wa kwanza akiwa Danilo Catarzi, mtu wa shirika hilo. Baraka na Fizi zikawa parokia changa, zenye mapadre vijana na makatekista wa vijijini.

Ndipo ukaja mwaka 1964. Uasi uliojulikana kwa jina la Simba ulikuwa umeshika mashariki ya nchi, nao ulipata nguvu zake kwa vijana walioona uhuru wa 1960 umewapita bila kuwagusa. Vijana hao walinyunyiziwa maji ya dawa na kuambiwa kwamba, wakishika miiko, risasi za adui zitageuka maji. Wakaenda vitani wakitaja jina la Mulele, mmoja wa viongozi wa waasi. Jambo hili tusilidharau: nalo lilikuwa tawakali ya namna yake, yaani kutegemea nguvu isiyoonekana, ila ilikuwa tawakali yenye sharti, kwamba mwili hautadhurika. Risasi zilipowapata, wakaambiwa kuwa wamevunja miiko, na hasira iliyobaki ikatafuta wa kulipa.

Tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, mji uliokuwa mikononi mwa waasi, na habari zikaenea kama moto wa nyika hadi ziwani. Wakati huo Uvira ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali tangu Oktoba, lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi, pamoja na wamisionari waliokuwamo. Siku ya nne baada ya Stanleyville, tarehe 28, ilikuwa Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na Padre Luigi Carrara alikuwa kanisani Baraka akiwasikiliza waumini waliokuja kuungama. Mchana gari la waasi likasimama mbele ya misheni. Bruda Vittorio Faccin, mtu wa miaka 30, aliamriwa apande. Alipokataa, akapigwa risasi papo hapo. Carrara alisikia mlio, akatoka na stola ingali shingoni mwake, akaona mwenzake amelala chini. Naye akaamriwa apande. Inasimuliwa na walioona kwamba alijibu kuwa, kama ni kufa, apenda afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, na katika kupiga magoti kule akauawa. Alikuwa na miaka 31.

Gari likapanda milima kwenda Fizi. Huko walikuwako Padre Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, na Abbé Albert Joubert, mwenye miaka 56. Walipoitwa usiku ule, Didonè ndiye aliyefungua mlango. Alipowaona waliokuja akafanya ishara ya msalaba, wakampiga risasi akafa. Na Joubert wakampiga risasi akafa.

Jina hili la pili msomaji amekwisha lisoma. Abbé Albert alizaliwa mwaka 1908 karibu na Moba, mwana wa yule Kapteni na mama wa Kiafrika, akapewa upadre mwaka 1935, miaka minane baada ya baba yake kuzikwa. Baba alikuja katika pwani hii akiwa na bunduki ili kanisa lisiguswe. Mwana alikaa pwani hiyo hiyo bila silaha ya aina yoyote, na ngozi yake yenye nasaba mbili haikumfaa kitu mbele ya waliokuja usiku. Angeweza kuondoka mapema zaidi kuliko wageni wa Italia, kwa maana alikuwa mwana wa nchi, ajuaye lugha na njia za milimani. Alikaa. Sijui njia nyingine ya kupima tawakali ya mtu isipokuwa hii, kutazama alikaa wapi wakati njia ya kutoka ilipokuwa wazi.

Lakini si haki kusimulia habari za wanne tukawasahau walioachwa nyuma yao. Wageni wa nchi wakiuawa, dunia huuliza; mwanakijiji wa Mutambala au wa Ngandja akifa porini kwa homa na njaa, haulizwi na mtu. Eneo la Fizi na Baraka likawa uwanja wa vita kwa muda mrefu. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Guevara, mwenyeji wa Argentina aliyepata sifa Cuba, alivuka kutoka Kigoma akapiga kambi milimani juu ya Kibamba, akaondoka Novemba. Na Laurent Kabila aliunda chama chake cha waasi mwaka 1967, akaweka maskani katika milima hiyo miaka kadhaa. Watu wa kawaida waliishi baina ya jeshi na waasi. Palipokosekana padre na mchungaji, katekista alikusanya watu chini ya mti, akasoma, akaimbisha, akazika. Mama akafundisha sala kwa moyo kwa kuwa kitabu kilikwisha kuungua. Imani ambayo Kibanga ilihitaji boma na askari, hapa ilidumu bila hata paa, na kwa kudumu kwake ikawa ya wenyeji.

Kisha yakaja mashaka mengine, na haya yanatutaka tuseme kweli kwa uchungu. Mwezi wa Septemba 1996, raia wa jamii ya Wanyamulenge waliuawa Baraka, Lueba na Mboko. Na kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hata siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola na askari wa waasi wa RCD na washirika wao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 imeyaandika yote mawili. Wabembe walioomboleza Makobola na Wanyamulenge walioomboleza Lueba aghalabu walikuwa Wakristo, mara nyingine wa madhehebu yale yale, wenye nyimbo zile zile. Na katika walioshika silaha walikuwamo waliobatizwa. Nani basi atasema kwamba ubatizo peke yake ulituliza tufani? Adui wa imani katika Fizi hakuwa daima mtu wa nje: alikuwa pia ile fikira ya zamani, ya Kibanga na ya maji ya Mulele kwa pamoja, kwamba Mungu ni wa upande wetu na kazi yake ni kuzuia risasi za wale.

Maelfu kwa maelfu walivuka ziwa usiku, kwa boti na mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yao, na mpaka leo kuna waliozaliwa humo ambao Fizi ni kwao bila wao kupata kuiona. Huko walijenga makanisa kwa matofali ya udongo kabla ya kuwa na uhakika wa mlo wa kesho, kwaya zikapangwa kwa sauti nne, na waliopata kupelekwa Marekani na kwingineko wakachukua nyimbo hizo pamoja nao. Mwenye kusikiliza nyimbo zenyewe hatasikia ndani yake majivuno ya watu waliookoka kwa sababu walikuwa wema kuliko waliozama. Wengi wao wanawajua waliozama kwa majina.

Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, kwa niaba ya Papa, aliwatangaza Carrara, Didonè, Faccin na Joubert kuwa wenye heri, katika ibada iliyofanyika Uvira. Miaka 39 kabla ya hapo, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa amemtangaza vivyo hivyo, huko Kinshasa, Sista Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro siku tatu baada ya hawa wanne, katika uasi ule ule. Na wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 waliishi kuona siku zote mbili.

Nami ninalo ombi moja kwa parokia za Baraka na Fizi, na kwa wachungaji wa madhehebu yote ya pwani hii, Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru na Wanyamulenge: kila Novemba, wanapokutana kuwakumbuka wanne hawa, yaandikwe katika daftari moja majina ya waliouawa Lueba na ya waliouawa Makobola, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na msomaji wa majina ya upande mmoja awe mtu wa upande wa pili.