Krismasi Darasani: Urithi wa Shule za Misheni

Kila ifikapo Desemba, kabla shule za msingi hazijafungwa kwa likizo, yapo madarasa nchini mwetu ambamo watoto hutundika karatasi za rangi ukutani, na juu ya tawi la mvinje lililosimamishwa katika ndoo ya mchanga wakatandaza pamba. Pamba hiyo yasemekana ni theluji. Mtoto wa Uchagani huiona theluji ya kweli kileleni mwa Kilimanjaro, lakini hata yeye hajapata kuihusisha na Bethlehemu. Yafaa basi tujiulize sherehe hii iliingiaje shuleni, na iliwakuta watoto gani.

Hatuna budi kurudi pwani. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walihamia Unguja mwaka 1864. Na mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa, walianzisha makao yao Bagamoyo. Wengi wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa utumwani. Baadhi walikombolewa kwa fedha, wengine walitwaliwa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi yaliyowabeba. Walitoka makabila mbalimbali, hawakuwa na baba wala mama wa kuwarudia, na wengine hawakuelewana kwa lugha. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na sikukuu nyingine ya kuiita ya kwao. Tena soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali hapo hapo, tarehe 25 Desemba ya mwaka huo. Jambo hili tulikumbuke kabla hatujaicheka ile pamba.

Hata hivyo uhuru huo ulikuwa na bei yake. Mwanafunzi alipewa jina jipya, mavazi mapya na nyimbo mpya, na mara nyingi ngoma za wazee wake zilihesabiwa kuwa ni upagani. Wamisionari wa Kijerumani waliofika Unyakyusa mwaka 1891 na Uchagani mwaka 1893 walitoka katika nchi ambayo mti uliopambwa kwa taa ulikuwa umekwisha kuwa desturi ya kila nyumba. Majina ya sikukuu yenyewe yanatueleza ilipopitia: Noeli ni ya Kifaransa, Krismasi ni ya Kiingereza.

Lakini lililo zito zaidi ni la mtoto wa Kiislamu. Wakati wa utawala wa Waingereza sehemu kubwa ya shule za Tanganyika ilikuwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi Waislamu waliogopa, wala si bila sababu, kwamba mtoto angekwenda kusoma akarudi amebatizwa. Aliyepelekwa alikaa katika sherehe ya Desemba kama mgeni. Aliyezuiwa nyumbani alikosa sherehe, na pamoja nayo akakosa hesabu na kuandika. Tofauti hiyo ya elimu baina ya raia wa nchi moja ilikuwa miongoni mwa mizigo tuliyorithi mwaka 1961.

Mwaka 1967 ilitolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za mashirika zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali ziliwekwa chini ya Serikali. Dini ya mtoto haikuwa tena tiketi ya kuingilia. Mafundisho ya dini yalipewa kipindi chake, kila kundi na mwalimu wake, na mwalimu wa darasa akabaki na swali ambalo padri wa zamani hakuwa nalo: nitaiadhimishaje sikukuu ya baadhi yao mbele ya wote?

Walimu wenye busara hawakungoja waraka. Hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu waliiacha katika kipindi cha dini. Siku ya kufunga shule wakaifanya ya darasa zima, yenye ngonjera, ngoma zile zile zilizokuwa zimekatazwa, na wali uliopikwa kwa mchango wa wote. Na panapokuwa na mbuzi, mpishi Mkristo hamgusi kwanza. Huitwa jirani Mwislamu aje na kisu chake amchinje, ili asiwepo mtoto atakayeketi mbele ya sahani asile.