Walipofuta UMISSETA: maneno ya chini ya mwembe, Ipuli

Jamani, ukitaka kuona watu wazima wakigombana pale Ipuli usiwaletee siasa, wala Simba na Yanga. Waulize tu ilikuwaje michezo ikafutwa mashuleni. Mimi niliuliza, tena kwa nia njema kabisa, tukiwa nyumbani kwa mjomba, matobolwa kwenye sahani. Chai ilipoa hapo hapo.

Kwa walio wadogo, nianze mbali kidogo. Michezo ya wanafunzi nchini kwetu ina mashindano makubwa mawili: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto anaanzia shuleni kwake. Akichaguliwa anakwenda kushindana ngazi ya wilaya, kisha mkoa, na mwenye mbio zake anafika taifa. Kuna soka, netiboli, riadha, wavu, na wale wasioweza kukimbia wana kwaya na ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, mashindano haya yalisimamishwa nchi nzima. Ni kipindi kile kile ambacho fizikia na kemia ziliunganishwa zikawa somo moja, na walionusurika na mtihani ule mnawajua, wakianza kulisimulia hawamalizi. Michezo ikarudishwa baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia madarakani mwishoni mwa 2005. Mungai alifariki Novemba 2016. Siku zile mitandaoni watu walimkumbuka kwa mengi, lakini wanamichezo wa zamani walimkumbuka kwa hilo moja.

Ukihesabu haraka haraka utasema: miaka michache tu, kelele za nini? Hapo ndipo mjomba anapokasirika. Yeye alikuwa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 800. Mwaka uliotangulia alikuwa amefika timu ya wilaya, akaachwa kwenye mchujo wa mkoa kwa hatua mbili. "Hatua mbili, mjomba wangu, siyo mita mbili," anasema, kama vile nilikuwepo nikapima vibaya. Akajiambia mwakani. Akatafuta viatu vya msumari kwenye mitumba, akavipata, vikubwa kidogo, akajaza matambara mbele. Mwakani haikuja. Ilipokuja alikuwa na miaka ishirini na kitu, anauza vipuri vya baiskeli. Mwanafunzi hana miaka michache ya kusubiri. Sekondari yenyewe ni miaka minne!

Lakini kulikuwa na mwalimu mstaafu pale, jirani, mama anayeheshimika sana mtaani. Alifundisha shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini. Nikamwamkia, nikamuuliza, nikidhani ataungana na mjomba. Hakuungana naye. Alisema ule uamuzi aliupokea kwa nafuu. Nafuu! Kisa? Michango. Kila ilipokaribia Juni yeye ndiye aliyetumwa kusimama mbele ya watoto na kutaja nani hajaleta hela ya michezo. Watoto watatu wa baba mmoja, hawana hata daftari, wanarudishwa nyumbani ili wengine ishirini wapande lori kwenda kucheza. Halafu ikaja MMEM, ada ya shule ya msingi ikafutwa, watoto wakafurika mpaka wakakaa sakafuni. "Sasa niambie," akamgeukia mjomba, "na wewe ungekuwa mimi, ungechangisha nini kwa nani?"

Mjomba alinyamaza kidogo. Halafu akasema: "Mwalimu, mngefuta mchango. Kwa nini mlifuta mbio?"

Hapo ndipo penye historia yenyewe kwa maoni yangu. Hoja zilizotolewa siku zile kwamba michezo inakula muda wa masomo, inabebesha wazazi mzigo, na watoto wanasafirishwa katika hali isiyopendeza hazikuwa za uongo. Tatizo ni kwamba dawa ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa. Na hakuna aliyewauliza waliopita kwenye michezo hiyo, maana hawakuwa na chama, hawakuwa na ofisi, hawakuwa na hata orodha ya majina. Walikuwa walimu, askari, wauza vipuri. Waliona gazetini au wakasikia redioni kama mimi na wewe tunavyosikia bei ya mafuta.

Linganisha na wenzetu. Mei 2020 Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani kilitangaza kufuta timu 11, riadha ya wanaume ikiwemo. Wanafunzi wa zamani wakawaka: barua, saini, simu, na wakauliza swali gumu, kwamba riadha ndiyo timu iliyokuwa ikiingiza vijana weusi chuoni, sasa mnaifutaje huku mnasema mnataka usawa? Haikupita hata wiki mbili chuo kikairudisha. Julai mwaka huo huo Stanford nao wakatangaza kufuta michezo 11 kati ya 36. Wa zamani wakachanga pesa, wakaweka mawakili, na Mei 2021 chuo kikarudi nyuma, michezo yote 11 ikabaki. Siwasifii sana, maana wale ni watu wenye hela na simu zao zinapokelewa. Ila angalia kasi: siku kumi na mbili, miezi kumi. Sisi tulisubiri mpaka uchaguzi mkuu.

Na hao wenzetu wanatuhusu kuliko tunavyodhani. Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, akatwaa mataji ya vyuo vya Marekani. Yeye na Filbert Bayi ndio Watanzania pekee waliowahi kuleta medali za Olimpiki, fedha mbili, Moscow 1980. Yaani michezo ya shule na vyuo siyo anasa ya wazungu, nasi tumekula matunda yake.

Sasa niwe mkweli, hata kama mjomba atanuna akisoma hapa. Watu husema kufutwa kwa UMISSETA ndiko kulikoua riadha yetu. Sikubali moja kwa moja. Medali za Moscow ni za 1980, na miaka yote ya themanini na tisini baada ya hapo michezo ya shule ilikuwepo, lakini Olimpiki tulirudi mikono mitupu. Na katikati ya kile kipindi cha giza, 2005, Fabiano Joseph alishinda nusu marathoni ya dunia kule Edmonton. Machi 2006 Samson Ramadhani akachukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Alphonce Simbu, aliyeshinda dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, amezaliwa 1992, kwa hiyo umri wake wa shule ya msingi umeangukia humo humo. Simbu ni mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York 1989, naye alikuwa mwanajeshi. Bingwa anaweza kupita mlango mwingine. Jeshi lipo, klabu zipo, milima ya Mbulu na Singida ipo.

Kwa hiyo nani alipoteza? Nadhani ni yule ambaye hakuwa bingwa. Mtu wa hatua mbili.

Nitoke nje ya mada kidogo, mtanivumilia. Tabora ni mji wa wasafiri. Burton na Speke walipoingia Kazeh Novemba 1857 walikuta watu ambao tayari walikuwa wakitembea miezi kwenda pwani na kurudi, mizigo mabegani. Kwa Wanyamwezi wa karne ile kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Alikwenda Bagamoyo na meno ya tembo, akarudi na vitambaa na hadithi, ndipo akaonekana mwanamume wa kuoa. Kisha reli ya Mjerumani ikafika Tabora 1912 na misafara ikafa. Nikimsikiliza mjomba akisimulia safari ya timu ya wilaya, kulala kwenye madarasa ya watu, kula ugali na vijana wa shule usizozijua, kubadilishana anuani za posta na msichana wa netiboli kutoka Nzega (hilo shangazi asilisikie), naona ni msafara ule ule umevaa bukta. Kwa mtoto wa Ipuli ambaye baba yake hana nauli, timu ndiyo ilikuwa nauli.

Yule mwalimu aliposikia hadithi ya msichana wa Nzega alicheka, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kati ya wasichana wake wa netiboli hakumbuki hata mmoja aliyeacha shule darasa la sita au la saba. Wengine ndiyo, wengi. Wa netiboli hapana, kwa sababu baba alikuwa anaona aibu kumtoa mtoto ambaye mtaa mzima unamjua. "Hilo nalo tulilifuta," akasema, akainua kikombe, akakuta chai ya baridi, akainywa hivyo hivyo.

Mwaka 2024 fainali za taifa za UMITASHUMTA na UMISSETA zilifanyika hapa hapa Tabora. Mjomba alifunga duka siku mbili. Alisimama jua kali pembeni ya njia ya kukimbilia, na mita 800 zilipoanza akatoa simu mfukoni akawasha saa ya kuhesabu sekunde. Nilimuuliza mshindi alitumia muda gani. Anaukumbuka. Nikamuuliza yeye mwenyewe alikuwa akitumia muda gani, akasema siku zile shuleni kwao kulikuwa na saa moja tu, ya mwalimu mkuu, na haikuwa na mshale wa sekunde.