Matao ya Ushindi na Pembe za Mombasa

Tangu kale wafalme wamependa kujengewa matao ya ushindi, yaani malango makubwa yasiyo na nyumba nyuma yake, ya kupitwa kwa shangwe tu. Huko Paris, Napoleon aliamuru mwaka 1806 lijengwe tao la mawe, ambalo kimo chake ni kama mita 50. Likamalizika mwaka 1836, naye amekwisha kufa tangu 1821. Mwaka 1840 ndipo alipopitishwa chini yake, akiwa maiti.

Afrika ya Mashariki nayo ina tao lake. Mombasa, katika Barabara ya Moi iliyoitwa zamani Kilindini, zimesimama pembe nne kubwa za alumini, mfano wa pembe za ndovu. Mbili mbili hukutana juu ya njia, zikafanya herufi M. Habari zake zaanza mwaka 1952, alipongojewa Binti Mfalme Elizabeth apande meli pale. Hakufika: tarehe 6 Februari baba yake alifariki, naye akarudi Uingereza kwa ndege.

Sisi wa Mikindani na Ruvuma, tuzionapo pembe hizo, twawakumbuka watu wengine. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilishuka hata bandari zetu, wapagazi wamejitwika pembe za kweli, na wengine wao walikuwa watumwa. Hao hawakujengewa tao. Basi apitaye chini ya tao lolote na aulize: asifiwaye ni nani, na aliyebeba mzigo ni nani?