Stenti ya kobalti na kromi

Stenti ya kobalti na kromi ni kibomba cha wavu wa metali kinachoingizwa katika mshipa wa moyo uliobanwa na mafuta, kikatanuliwa kwa puto na kuachwa humo maisha yote. Hukatwa kwa leza kutoka mrija wenye kipenyo cha milimita 2 hivi, kisha hung'arishwa kwa umeme. Kazi hiyo hufanywa mbali na Afrika, kwa mfano Galway na Clonmel huko Ireland. Malighafi yake kuu, kobalti, ndiyo iliyolipatia umaarufu jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mji wake mkuu Kolwezi.

Kobalti ya Lualaba

Kolwezi ilikua kuzunguka migodi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo baada ya kutaifishwa chini ya Rais Mobutu ilizaa kampuni ya serikali ya Gécamines. Kiwanda cha Luilu, kilichoanza kazi mwaka 1960, kilipokea makinikia kutoka Kamoto, kikayachoma, kikayayeyusha kwa asidi ya salfuriki, kisha kikapitisha umeme katika maji yaliyopatikana hadi shaba na kobalti zikaganda juu ya kathodi. Waasi wa kundi la FNLC walipoiteka Kolwezi Mei 1978, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa, na watengenezaji wa injini za ndege wakaanza kusaka metali mbadala.

Leo Kongo hutoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, sehemu yake ikitoka migodi ya Mutanda, Kamoto na Tenke Fungurume. Wachimbaji wadogo nao wana fungu lao. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, mashimo yalifika hadi chini ya sakafu za nyumba. Sehemu kubwa huondoka ikiwa haidroksidi, kwa malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa kuelekea bandari za Durban na Dar es Salaam, kisha China, na huishia katika betri. Kwa kuwa kobalti ya migodi mingi huchanganywa viwandani, haiwezekani kuitazama stenti moja na kutaja shimo ilikotoka. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, na Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka.

Aloi

Mmarekani Elwood Haynes alipata hataza ya aloi za kobalti na kromi mwaka 1907. Katika stenti hutumika hasa L605 (kobalti kama nusu, kromi asilimia 20, wolframu 15, nikeli 10) na MP35N.

Sifa ya aloi hizi ni nguvu. Stenti za awali za chuma kisichoshika kutu zilihitaji fito nene. Mojawapo, Cypher, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ilikuwa na fito za mikromita 140. Multi-Link Vision ya L605, ya mwaka huohuo, ilishuka hadi 81. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo: utafiti wa ISAR-STEREO wa mwaka 2001 uliona mshipa ukibana tena kwa asilimia 15 ya wagonjwa waliowekewa fito nyembamba, dhidi ya karibu 26 kwa fito nene.

Ukataji kwa leza

Mwali husimama mahali pamoja. Mrija ndio unaozunguka na kusogea kwa amri ya kompyuta. Metali huyeyuka na gesi huipuliza nje, na kuacha mkato wa mikromita 20 hivi. Maji hupitishwa ndani ya mrija ili mwali usiunguze ukuta wa upande wa pili. Leza za kawaida huacha mavi ya chuma, ncha kali na ukingo ulioathiriwa na joto. Leza za femtosekunde, zilizowezekana kutokana na mbinu ya Gérard Mourou na Donna Strickland ya mwaka 1985 (walipewa Nobeli 2018), huirusha metali kabla joto halijasambaa.

Ung'arishaji

Hii ndiyo hatua inayoamua ubora. Kwanza mabaki huondolewa kwa asidi, na aghalabu stenti hupashwa moto katika ombwe ili metali ilegee. Kisha huunganishwa na anodi na kuzamishwa katika mchanganyiko wa asidi, mara nyingi fosforiki na salfuriki. Umeme huinyofoa metali, na vinundu huyeyuka haraka kuliko mabonde, hivyo kingo huviringika na uso ukang'aa. Ni kazi ya Luilu iliyopinduliwa: kule metali hutoka majini ikaganda, hapa hutoka kwenye kitu ikaingia majini.

Kwa kuwa kila ufito hupoteza mikromita kadhaa, mchoraji hulazimika kuuchora mnene kuliko unaotakiwa. Viputo vya gesi vikikwama huacha vishimo, na mahali stenti iliposhikwa huweza kubaki alama. Baadaye huoshwa kwa asidi ya nitriki au sitriki ili utando wa oksidi ya kromi, wenye unene wa nanomita chache tu, uwe imara. Utando huo huzuia nikeli isivujie mwilini. Uso mbaya hualika damu kugandia, na ufa mdogo unaweza kuuvunja ufito, kwani moyo hupiga takriban mara milioni 400 kwa miaka 10.

Matumizi

Stenti huwekwa katika hospitali zenye maabara ya katheta, ikiwamo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.