Kitabu Kilichothubutu Kuikataa Bia ya Wakubwa

Kiwanda cha bia cha Stag, huko Mortlake kusini-magharibi mwa London, kilizima mitambo yake mwaka 2015. Bia ilikuwa ikipikwa mahali hapo, ukingoni mwa mto Thames, tangu karne ya 15. Eneo hilo limepangiwa nyumba zipatazo elfu moja na shule ya sekondari, na mipango hiyo imezua mabishano ya miaka mingi baina ya wajenzi, halmashauri na wakazi. Wanaoyasikitikia majengo ya zamani ni wengi. Wanaoisikitikia bia iliyolipatia eneo hilo jina ni wachache mno, na sehemu ya sababu imo katika kitabu kidogo cha mwaka 1974, kilichoandikwa na watu wasiomiliki kiwanda wala baa. Kitabu hicho ni Good Beer Guide, mwongozo ambao wanywaji wa Uingereza waliwaandikia wanywaji wenzao.

Mortlake ilikuwa ngome ya kampuni ya Watney. Katika miaka ya 1930 mafundi wake walifanya majaribio ya bia ya kegi: bia iliyochujwa, ikapashwa moto mpaka hamira ikafa, kisha ikafungiwa kwenye chombo cha chuma na kusukumwa kwa gesi. Bia hiyo iliitwa Red Barrel. Kwa mfanyabiashara ilikuwa na faida zote: ilisafiri mbali, ilikaa wiki nyingi bila kuharibika, na hata mhudumu aliyeajiriwa jana aliweza kuimimina.

Bia ya pipa ya Kiingereza ilikuwa kinyume chake. Hutoka kiwandani ikiwa bado na hamira hai, na huendelea kuchachuka ndani ya pipa katika chumba cha chini cha baa, kwenye ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Mwenye baa huiacha itulie, huonja, kisha huivuta juu kwa pampu ya mkono bila gesi ya kuisukuma. Pipa likishafunguliwa, bia inapaswa kwisha kwa takriban siku tatu, la sivyo itachacha na kuwa siki. Kwa hiyo bia ileile, ya kiwanda kilekile, huweza kuwa tamu katika baa moja na ya kumwagwa katika baa ya pili. Anayetaka kumshauri mwenzake kuhusu bia ya aina hii hana budi kumtajia pia nyumba inakouzwa na kama mwenye nyumba ni mtu makini.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni kubwa sita zilikuwa zimemeza viwanda vingi vidogo pamoja na baa zake. Mfano uliozungumzwa sana ni Norfolk. Mwaka 1963 Watney ilinunua viwanda viwili vikongwe vya Norwich, Bullards na Steward & Patteson, vilivyokuwa na baa zaidi ya elfu moja kwa pamoja. Mnywaji wa mkoa huo alijikuta akitembea kutoka baa moja hadi nyingine bila kubadilisha ladha. Mwaka 1971 Red Barrel ikapewa jina jipya, Watneys Red, na matangazo yaliyotumia watu waliofanana na Mao, Castro na Khrushchev kutangaza “mapinduzi mekundu”. Baa zikapakwa rangi nyekundu. Wachekeshaji wa Monty Python nao wakaifanya bia hiyo kitu cha kuchekwa kwenye televisheni.

Upinzani ulikuwa umeanza mapema. Kitabu cha Brew Britannia cha Jessica Boak na Ray Bailey, kilichotoka 2014, kinaianza historia hii mwaka 1963, wanywaji wachache wa Epsom walipounda chama cha kutetea bia ya mapipa ya mbao. Lakini jina lililovuma ni CAMRA, Kampeni ya Bia Halisi. Waasisi wake ni vijana wanne, Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, waliokuwa likizo magharibi mwa Ireland Machi 1971. Chama kilizaliwa katika baa ya Kruger, kijiji cha Dún Chaoin, zaidi kwa utani kuliko kwa mpango. Mwaka uliofuata kilifanya mkutano mkuu wa kwanza mjini Nuneaton, na kikatoa orodha ya baa nzuri, kurasa 18 zilizobanwa kwa pini na kutumwa kwa wanachama.

Orodha hiyo ndiyo iliyokua ikawa kitabu. Kampuni ya Waddingtons ya Leeds, iliyojulikana kwa karata na mchezo wa Monopoly, ilikubali kuichapisha. Mhariri wa kitabu, John Hanscomb, alikusanya taarifa za wanachama waliozijua baa za mitaa yao. Nyuma ya kitabu kulikuwa na orodha ya viwanda vya bia vya nchi, kila kimoja na maneno machache ya tathmini. Viwanda vidogo vilipata sifa fupi. Zamu ya Watney ilipofika, mwandishi alimshauri msomaji aikimbie bia hiyo kama anavyoukimbia ugonjwa wa tauni.

Mashine zilikuwa zimekwisha kuanza kazi wakubwa wa Waddingtons walipotanabahi. Sheria ya Uingereza kuhusu kashfa ni kali kwa mchapishaji kama ilivyo kwa mwandishi, na Watney ilikuwa mali ya Grand Metropolitan, kampuni iliyoinunua mwaka 1972 na yenye uwezo wa kuajiri mawakili kwa muda itakao. Kulinganisha bidhaa ya chakula na ugonjwa ulioua mamilioni ya watu Ulaya kungeweza kusomwa mahakamani kama madai kwamba bia hiyo inadhuru afya. Uchapishaji ukasimamishwa, nakala zilizokuwa tayari zikaondolewa, na sentensi ikaandikwa upya.

Marekebisho yenyewe yanachekesha. Chama hakikuisifu Watney, hakikunyamaza, wala hakikuomba radhi. Kilichoondolewa ni tauni tu. Toleo lililoingia madukani kwa pensi 75 lilimwambia msomaji aiepuke bia hiyo kwa kila hali, maneno ambayo kwa mnywaji wa kawaida hayakuwa na upole wowote zaidi, ila kwa wakili yalikuwa maoni halali ya mlaji. Habari za mvutano huo zilienea na kukipatia kitabu umaarufu ambao chama kisingeweza kuulipia. Nakala chache za mwanzo zilizonusurika husakwa na wakusanyaji hadi leo.

Uzito wa kisa hicho haukuwa katika ukali wa lugha. Magazeti mengi ya wakati ule yalikula matangazo ya kampuni hizohizo, na mwandishi aliyethubutu kusema kwamba bia ya tajiri ni mbaya alikuwa nadra. Richard Boston, aliyeanza safu yake ya bia katika gazeti la Guardian mwaka 1973, alikuwa mmoja wa wachache. Mwongozo ulionyesha kwamba pendekezo hupata thamani pale anayelitoa anapokuwa huru pia kukataa. Kitabu kinachosifu kila kitu ni tangazo tu, hata kama hakuna aliyelilipia.

Mambo yalikwenda mbio miaka hiyo. Novemba 1973 mamia ya watu waliandamana mjini Stone, Staffordshire, kupinga kufungwa kwa kiwanda cha Joule. Kilifungwa hata hivyo. Mwaka 1975 maonyesho ya bia ya Covent Garden yalivuta umati, na 1977 yakafuata maonyesho ya kitaifa katika jumba la Alexandra Palace. Kufikia mwishoni mwa muongo huo Watney yenyewe ilikuwa imeanza kurudisha bia ya pipa katika baa zake. Grand Metropolitan iliachana na upishi wa bia mwaka 1991, na mwaka 1997 ikaungana na Guinness kuwa Diageo, kampuni iliyokuja kuwa na hisa nyingi katika East African Breweries, watengenezaji wa Tusker. Mortlake iliishia kutengeneza Budweiser.

Mwaka 1977 mwandishi Michael Jackson, mzaliwa wa Yorkshire, alitoa The World Guide to Beer. Yeye alizigawa bia za dunia kwa aina na asili zake, akawafungulia wasomaji milango ya Ubelgiji na Ujerumani, na baadaye akawa anazipa bia nyota. Wamarekani walimsoma kwa bidii. Mwaka 1982 Charlie Papazian aliandaa Great American Beer Festival ya kwanza huko Boulder, Colorado, akifuata mfano wa maonyesho ya Uingereza. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1989 tume ya serikali iliripoti kwamba kampuni sita zilitengeneza asilimia 75 ya bia ya nchi, na sheria mpya zikawaruhusu wapangaji wengi wa baa kuuza bia moja ya pipa kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Nafuu ya kodi ya mwaka 2002 ikawainua watengenezaji wadogo.

Intaneti ilileta mapendekezo ya watu milioni, lakini si uhuru uleule. Tovuti ya RateBeer, iliyoanzishwa mwaka 2000 na wapenzi wa bia, ilinunuliwa hatua kwa hatua na tawi la AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. Ilifungwa Februari 2025.

CAMRA nayo imezeeka. Mwaka 2018 pendekezo la kuwatetea wanywaji wa bia za aina zote lilikosa kura chache kufikia asilimia 75 zilizohitajika, na maonyesho yake makuu hayakufanyika mwaka 2024. Vijana wengi wanaokunywa bia za viwanda vidogo kutoka kwenye kegi na makopo wanakiona chama hicho kuwa cha wazee.

Mwongozo unaendelea kutoka kila mwaka, ukiwa na baa zipatazo 4,500. Matawi ya wanachama huzitembelea baa za maeneo yao mwaka mzima, huipa bia alama kati ya sifuri na tano, kisha hupiga kura kuamua zipi ziingie na zipi zitolewe. Baa hailipi chochote kuandikwa, na iliyotajwa mwaka huu haina hakika ya mwaka ujao.