Ugomvi wa Nukta na Mkato Ndani ya Lahajedwali

Mnamo Septemba 2025 Excel ilitimiza miaka 40 tangu itolewe kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na katika umri huo wote lahajedwali hiyo imebeba ugomvi wa alama ulioanza karne kadhaa kabla ya kompyuta kubuniwa. Ndani ya fomula ugomvi huo huonekana katika kitenganishi cha orodha, yaani alama inayotenga thamani moja na nyingine ndani ya mabano ya fomula. Mtumiaji wa Nairobi huandika =SUM(3,5,2) akapata 10, lakini kompyuta yenye mipangilio ya Kijerumani huuchukua mkato kuwa alama ya desimali, kwa hiyo hudai nukta mkato katika orodha, nayo =SUMME(3,5;2) huleta 5,5, kwa kuwa kilichojumlishwa ni tatu na nusu na mbili.

Chimbuko la ugomvi huo ni alama ya desimali. Mwanahisabati Simon Stevin alieneza hesabu ya desimali kwa kijitabu cha mwaka 1585, na John Napier wa Scotland akaitumia nukta kwa desimali mwanzoni mwa karne ya 17, lakini mfarakano ulichochewa zaidi na kuzidisha. Florian Cajori, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya alama za hisabati kilitoka mwaka 1928 na 1929, anaitaja barua ya Julai 1698 ambamo Gottfried Wilhelm Leibniz alimlalamikia Johann Bernoulli kwamba msalaba wa kuzidisha, ulioenezwa na Mwingereza William Oughtred, huchanganyika kwa urahisi na herufi x, ambayo wanaaljebra waliiwekea namba isiyojulikana, na kwamba yeye huona heri kutia nukta kati ya namba mbili. Nukta ilipozoeleka kwa kazi hiyo katika bara la Ulaya, mkato ulifaa zaidi kwa desimali, ilhali Waingereza, ambao katika karne ya 18 walimshutumu Leibniz kwa kumwibia mwenzao Newton kalkulasi na hawakuwa na hamu ya kujifunza kwake, walibaki na msalaba wao na nukta yao.

Alama hizo zilisafiri na ukoloni: mkato wa Mbelgiji ukakaa Kongo, na nukta ya Mwingereza ikatawala hata Tanganyika, iliyokuwa kwanza mikononi mwa Wajerumani. Ndiyo maana karani wa Bukavu, ambaye kompyuta yake imewekwa Kifaransa cha Kongo, anaweza kuongea Kiswahili kimoja na mwenzake wa Arusha na bado fomula aliyotumiwa kwa barua pepe ikamkatalia. Akitumiwa faili yenyewe hapati taabu, kwa kuwa ndani yake fomula haihifadhiwi kwa alama za kieneo, bali huonyeshwa upya kulingana na mipangilio ya Windows, ambamo kitenganishi cha orodha kinaweza kubadilishwa. Ni aibu kwamba somo la kompyuta hufundisha mkato wa fomula kana kwamba ni sheria ya dunia nzima, bila kumwonyesha mwanafunzi mahali pa mpangilio huo.

Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliruhusu alama zote mbili za desimali mwaka 2003. Hata hivyo ugomvi haujaisha: faili za CSV, ambazo jina lake humaanisha thamani zilizotengwa kwa mkato, Excel ya Ujerumani bado huziandika kwa nukta mkato.